Bendera ya Elinipa

Jumapili, 8 Oktoba

Vuli imeanza leo, katikati ya mahubiri. Kanisa letu la hapa mtaa wa Picha ya Ndege bado halina dari, kwa hiyo mvua ikipiga bati Mchungaji anabaki kuchezesha midomo na sisi tunaitikia amina kwa kukisia.

Nimeanza kuandika kwa sababu mume wangu, Onesmo, analalamika kwamba siku hizi naongea peke yangu jikoni. Basi nitaongea na daftari.

Kazi yangu ni ualimu, shule ya msingi, kule Pangani ya huku kwetu, si ile ya baharini. Lakini nikiulizwa mimi ni nani, moyoni najibu kwamba mimi ndiye ninayevisha madhabahu. Nimeivisha tangu kanisa likiwa maturubai juu ya miti. Kijani kwa majira haya, zambarau Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste. Vitambaa vyote nimevidarizi kwa mkono wangu. Jumamosi jioni nikishakinyoosha kitambaa mpaka pindo zikalingana, najiona mtu.

Leo ametambulishwa msharika mpya, anaitwa Elinipa. Amehamia kutoka Tabata, amejenga jirani na barabara kuu, anafanya kazi ofisi ya serikali mjini. Hana mume, au hajamtaja. Alisimama kujitambulisha amevaa gauni la kijani, na Mchungaji akasema, "Dada yetu amependeza kama madhabahu." Kanisa zima likacheka. Miaka yote hii Mchungaji hajawahi kusema madhabahu imependeza.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Wiki hii mwalimu wa zamu ni mimi. Bendera imepandishwa, watoto wameimba wimbo wa taifa huku maji yanawatiririka, na hakuna hata mmoja aliyejikuna. Nimewafundisha hivyo. Wakiniona nimebana miguu na mikono iko ubavuni, wanajua ni wakati wa kuimba, na wimbo ukianza hata nyuki akitua puani unatulia.

Jumapili, 15 Oktoba

Elinipa amejiunga na kwaya. Wiki moja tu, na tayari anaimba peke yake ubeti wa pili. Baada ya ibada alinifuata, akapiga goti kidogo. "Mwalimu, shikamoo."

Nikaitikia marahaba. Mimi nina miaka arobaini na minane. Kuna shikamoo za heshima na kuna shikamoo za kumkumbusha mtu umri wake.

Jumanne, 17 Oktoba

Onesmo amerudi kutoka kazini mapema, tena mkavu, na mvua yote hii. Nikamuuliza amepita wapi.

"Elinipa ametupa lifti. Mimi na wanakwaya wenzangu wawili. Mama Tumaini, kumbe kuna watu wana roho nzuri!"

Alilitaja jina lake akivua viatu, akalitaja akinawa, na kwenye mchicha akalitaja tena. Nimemwongezea mchicha ili mdomo uwe na kazi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Lifti tena.

Jumamosi, 28 Oktoba

Elinipa amekuja kanisani kunisaidia kuvisha madhabahu. Sikumwita. Amekuja na pasi yake ya mvuke. Nilimpa kipande kigumu kuliko vyote, upindo wa mbele wenye darizi ya ngano na zabibu, nikijua atakiunguza.

Hakukiunguza. Alikipiga pasi kwa nyuma, taratibu, juu ya taulo, kama nifanyavyo mimi. Nikamuuliza nani alimfundisha. "Mama yangu alikuwa anavisha madhabahu kwetu Marangu," akasema. Nikaenda nje kuangalia kama mvua imekatika, na nilikuwa naiona kupitia dirishani kwamba haijakatika.

Jumapili, 5 Novemba

Leo ndiyo limetangazwa. Elinipa amejitolea kuununulia usharika bendera ya taifa, ya kitambaa kizito chenye vishada vya dhahabu pindoni, pamoja na kinara chake cha mbao. Itaingizwa kwa maandamano Jumapili ya tarehe 10 Desemba, siku moja baada ya sikukuu ya Uhuru, na itabaki kando ya madhabahu. Mchungaji ameipokea habari hiyo kwa makofi, ila amesema lazima ipite kwenye baraza la wazee.

Kando ya madhabahu! Upande wa kulia, pale nipangapo maua. Majilio, na zambarau yangu, halafu pembeni yake kijani, njano, nyeusi na bluu vikipigana nayo.

Jumatano, 8 Novemba

Nimemsimulia Bi Mwamvita, jirani yangu mwenye genge. Ni Mwislamu, mwenyeji wa huku tangu babu zake wanalima Mlandizi, na mambo ya kanisani kwetu anayapenda kuliko mimi ninavyoyapenda ya kwake.

"Kwetu msikitini hakuna picha wala bendera," akasema akipima dagaa. "Ukiingia unaacha viatu, unaacha na hayo mengine. Hapo Mwalimu una hoja."

Nikafurahi. Nikaanza kumweleza na habari ya pasi, na lifti, na gauni la kijani. Akaniangalia, akaweka kopo chini.

"Ee! Sasa hapo ni bendera, au ni huyo binti? We Mwalimu una kijiba cha roho."

Nikanunua dagaa nikaondoka. Nyumbani nikakuta ameniongezea. Ananionea huruma, na hilo limeniuma kuliko maneno yake.

Jumatatu, 13 Novemba

Barabara ya shuleni haipitiki. Nimefika na matope mpaka magotini. Elinipa alipita na gari lake, akasimama, akafungua mlango. Nimemwambia napenda kutembea.

Jumamosi, 18 Novemba

Baraza limekaa leo. Naandika yote kwa sababu nikilala nayo yatanikaba.

Wazee walikuwa wote. Mimi nimo kama mwenyekiti wa kamati ya madhabahu, na Elinipa aliitwa kueleza zawadi yake. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Hata watoto wa darasa la tano wameandika insha mbili mfululizo ili nipate nafasi ya kufikiri.

Nikasimama. Nikasema bendera naiheshimu kuliko yeyote aliyemo humu, nimeisimamia paredi nusu ya umri wangu, na ndiyo maana najua ina mahali pake. "Tukiingia humu kila mmoja ameacha kitu mlangoni," nikasema. "Aliye bosi ameacha ubosi. Yule fundi wetu Mrundi anayefanya kazi kiwandani Zegereni, tunakula naye meza moja ya Bwana. Akija kupiga magoti pale mbele, atakuwa anapigia magoti kitu gani? Na mtoto akiuliza kipi kati ya hivi viwili ndicho kikubwa, msalaba au bendera, maana vimesimama sawa, tutamjibu nini?"

Niliongea vizuri. Mzee Ambokile, katibu wa baraza, aligonga meza na kusema, "Hiyo ni hoja." Niliona wazee wanaegemea upande wangu, na Mchungaji anajikuna kidevu.

Elinipa akaomba kusema. Hakupandisha sauti. Alisema kila Jumapili tunaiombea nchi na viongozi wake, na hakuona ubaya kile tunachokiombea kiwe mbele ya macho yetu. Halafu akasema, "Baba yangu alikuwa mwanajeshi. Jeneza lake liliwekwa mbele ya madhabahu likiwa limefunikwa bendera. Mchungaji aliyemzika hakusema itolewe. Nikiiona bendera kanisani mimi namwona baba."

Mzee Ambokile akavua miwani.

"Mwalimu, una la kuongeza?" Mchungaji akaniuliza.

Nilikuwa nalo. Lilinijia pale pale, jibu safi kabisa: jeneza lilikuja likaondoka, lakini hii bendera inaletwa ikae. Ningelisema hivyo, kwa upole, na pole ya msiba juu yake, ningeshinda. Lakini nilimtazama nikaona jinsi wote wanavyomtazama, na Mchungaji macho yamemlegea, na kichwani nikamsikia Onesmo na mchicha wake mdomoni. Kilichotoka ni hiki: "Huyu ana mwezi na siku chache hapa, tayari anataka kutuhamishia vyombo vyake."

Wazee wakainamisha vichwa. Hakuna aliyenikemea, na ningefurahi wangenikemea. Walipopiga kura nilijua matokeo kabla mikono haijapanda. Bendera itaingia.

Elinipa alinifuata mlangoni akaniambia, "Mwalimu, samahani kama nimekukwaza." Nikamwambia mvua inakuja, aende.

Jumapili, 19 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma.

Jumatatu, 27 Novemba

Tumegombana. Nilimwambia Onesmo aache kupanda gari la yule mwanamke. Akauliza sababu. Nikasema watu wanaongea.

"Watu gani? Tunapanda wanne, na mmoja wao ni Mwinjilisti. Anayeongea ni wewe, Mama Tumaini."

Leo amepanda basi. Amefika amelowa chapachapa, akakaa kwenye kochi langu hivyo hivyo na maji yake. Ni mume mwema na najua hana jambo na Elinipa. Sijawahi kudhani analo. Kinachoniuma ni kwamba anamsifia, na mimi mara ya mwisho alinisifia lini? Nimekaa nikifikiri mpaka ugali ukaungua.

Jumapili, 3 Desemba

Majilio ya kwanza. Zambarau imetoka sandukuni. Jana jioni nilifanya peke yangu, nikafunga mlango kwa ndani. Nilipomaliza nikakaa benchi la mbele nikaitazama madhabahu ikiwa na msalaba, mshumaa mmoja na kitambaa, na pembeni hakuna kitu. Nikalia kidogo. Halafu nikajicheka, maana nilikuwa nalia kama anayeaga mtu wa kusafiri.

Alhamisi, 7 Desemba

Mchungaji amenipa kazi ya kupanga maandamano ya Jumapili. Nadhani anataka kunibembeleza. Onesmo atabeba msalaba.

Jioni Elinipa alinipigia simu. "Mwalimu, shikamoo. Kwenye sherehe za kikazi nimezoea bendera ndiyo inatangulia. Sasa hapa kwetu utaratibu ukoje? Nisije nikaharibu."

Kila anayejua kanisa anajua kwamba msalaba hautanguliwi. Ni jambo ambalo nisingeshindwa kumwambia hata nikiwa usingizini. Nikaona jinsi atakavyoingia kifua mbele na bendera yake, msalaba ukimfuata nyuma, na wazee wakitazamana.

"Basi itangulie," nikasema.

"Asante sana, Mwalimu. Mungu akubariki."

Jumapili, 10 Desemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie mahali nilipokaa. Nilichagua kiti cha mbele upande wa watoto wa shule ya Jumapili, ambao nusu yao ni wanafunzi wangu, kwa sababu kutoka pale mlango unaonekana wote. Nilitaka nione vizuri.

Nje kulikuwa na manyunyu. Kengele ikalia, kwaya ikaanza wimbo wa Majilio, mlango ukafunguliwa. Elinipa akaingia wa kwanza, amevaa nyeupe, bendera ameishika kwa mikono miwili. Ilikuwa nzuri. Lazima niandike hivyo.

Nilikuwa tayari kutabasamu. Lakini miguu yangu ikajibana yenyewe. Mikono ikashuka ubavuni, kidevu kikapanda. Sikuamua. Nimefanya hivyo kila asubuhi miaka na miaka, bendera ikisogea mbele yangu mwili haungoji ruhusa ya kichwa. Watoto wakaniona. Wakaruka wakasimama wote, wakabana miguu, na kabla sijapumua wakaanza kuimba wimbo wa taifa.

Waliimba kwa nguvu, jinsi ninavyowadai siku zote. Kwaya ilijaribu kuendelea na wimbo wake kwa mstari mmoja, ikashindwa, ikajiunga. Kanisa zima likasimama wima. Ni watu wa maofisini hawa, walimu, manesi, wastaafu wa jeshi. Wakisikia wimbo huo hawasogei. Elinipa akasimama pale alipofika, katikati ya njia, kama anavyopaswa raia yeyote.

Na kwa kuwa yeye alisimama, nyuma yake wote walisimama. Onesmo alikuwa bado nje na msalaba, hatua chache kabla ya mlango. Naye ni raia mwema. Akatulia. Mchungaji nyuma yake akatulia. Hapo ndipo manyunyu yakageuka mvua yenyewe, ile ya kumwagwa.

Niliiona yote. Niliona maji yakimpiga mume wangu usoni bila yeye kupepesa macho, na msalaba ukitiririka juu ya kichwa chake, na kanzu ya Mchungaji ikimgandia mwilini. Ningeinua kidole kimoja watoto wangenyamaza. Sikuweza kuinua kidole, maana wimbo wa taifa ulikuwa unaimbwa. Waliimba beti zote.

Ulipoisha watoto wakanigeukia, nikalegeza mabega, wakaketi. Walipoketi wao, kanisa zima likaketi. Elinipa akaenda akaisimika bendera kwenye kinara chake. Ndipo msalaba ukaingia, watu wamekaa, wanakohoa na kunyoosha magauni. Hakuna aliyesimama kuupokea.

Mchungaji alipanda mimbarini akafungua kitabu, kurasa zimegandana kwa maji. Akaanza kuzibandua moja moja. Bati peke yake ndilo lililokuwa likihubiri.

Nyumbani Onesmo alijikausha kwa taulo, kisha akaniuliza, "Nani alisema bendera itangulie?"

"Elinipa amezoea hivyo kazini kwake."

"Elinipa ameniambia alikuuliza wewe."

Akaitundika taulo, akaingia kulala mchana, kitu ambacho hakifanyi.

Jumatano, 13 Desemba

Mvua. Hakuna anayenilaumu. Wanadhani nilisimama vile kwa mapenzi ya nchi, na wengine wamenipongeza. Mzee Ambokile amenipigia kuniambia nimewalea vizuri watoto.

Jumamosi, 16 Desemba

Baraza la kufunga mwaka. Nilikwenda nimeamua kusema kweli, kwamba niliulizwa na nikajibu vibaya kwa makusudi. Nilikuwa nimeshameza mate, nanyanyua mkono, Elinipa akatangulia kusimama.

"Naomba bendera itoke," akasema. "Mwalimu alituambia mwezi uliopita tukashindwa kumwelewa. Nimefikiri habari ya baba yangu. Jeneza lake liliingia likatoka. Bendera hii nilitaka ikae. Si kitu kimoja. Jumapili nimeona msalaba unanyeshewa unaningoja mimi."

Maneno yangu! Lile jibu langu lenyewe, ambalo sikumwambia mtu yeyote. Lilitoka kinywani mwake, na likapokelewa. Wazee walisema amina. Mchungaji akasema ni mara chache anaona unyenyekevu wa namna ile, na Mzee Ambokile akavua miwani tena. Habari ya kuulizwa kwangu hakuitaja. Alikuwa na nafasi ya kunimaliza pale mbele ya wote, na hakunitazama hata kwa kona ya jicho.

Nilibaki na mkono wangu umenyanyuka nusu. Mchungaji akaniuliza kama nina neno. Nikasema naunga mkono.

Wakakubaliana bendera isimamishwe nje, mlingoti utiwe zege uani, ipandishwe Jumapili na sikukuu za taifa. Nikapumua. Nimeshinda, nikajiambia, kwa njia yoyote ile nimeshinda.

"Sasa nani ataisimamia?" Mchungaji akauliza. "Bendera ina heshima zake. Inapanda kwa wakati, inashuka kwa wakati, haigusi chini." Akanigeukia akitabasamu. "Jumapili sote tumeona nani anayeijua. Mwalimu, hii ni ya kwako. Na ili tusikuelemee, madhabahu ashike Elinipa. Mama yake alikuwa anavisha, atatufaa."

Makofi. Elinipa aliinuka kukataa, nilimwona, akasema hapana Mchungaji, hiyo ni kazi ya Mwalimu. Mchungaji akasema huo nao ni unyenyekevu. Ikapita.

Jumapili, 17 Desemba

Majilio ya tatu. Zege halijakauka, wamefunga bomba la maji kwenye nguzo ya kengele liwe mlingoti kwa muda. Asubuhi niliipandisha bendera, nikaingia kanisani nikakaa katikati, mahali ambapo sijawahi kukaa. Zambarau ilikuwa imenyooka. Pindo zililingana. Niliitafuta kasoro ibada nzima, mpaka kwenye sala ya Bwana nilikuwa natafuta, na sikuipata.

Ningependa awe mtu mbaya. Ningekuwa nalala vizuri.

Jioni nilirudi kuishusha. Mvua ikaanza nikiwa nimeifungua kamba nusu. Bendera ile ni nzito, mtu mmoja hatoshi, na matope yalikuwa chini yangu. Nilikuwa naikumbatia kifuani kama mtoto aliyesinzia pale Elinipa alipotoka kanisani akikimbia, akashika ncha ya pili. Tukaingia nayo chini ya ukingo wa bati. Nikamwonyesha: kunja kwa urefu, tena kwa urefu, halafu njoo kwangu. Alijifunza mara moja. Bila shaka.

"Uliniambia itangulie," akasema, macho yakiwa kwenye kitambaa.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitikisa kichwa, polepole. Nilidhani ataondoka. "Mimi kule ndani naogopa, Mwalimu," akasema. "Kila nikigusa kitu naona macho yako."

Ilibidi nimwombe radhi, na nilimwomba, kwa sauti ndogo, mvua ikaichukua nusu. Ilibidi pia nimwambie asiogope. Hilo sikuliweza. Nikamwambia badala yake kwamba nta ya mshumaa ikidondokea zambarau asikwangue, aweke karatasi ya kaki juu yake apitishe pasi ya moto mdogo. Nikamwambia nyeupe ya Krismasi imo kwenye sanduku la chini, imefungwa kwenye kanga, na upande wenye nyota unakaa kushoto.

Ile nyeupe nyingine, ya Pasaka, sikumwambia iko wapi. Pasaka bado mbali.